Robert Boyle na Elimu ya Tindikali na Alkali

Kila mwanafunzi aingiaye shule ya sekondari hufundishwa mapema katika somo la kemia kwamba kuna vitu viitwavyo tindikali, kama vile siki na maji ya ndimu, na kuna vingine viitwavyo alkali, kama vile magadi, maji ya majivu na maji ya chokaa. Kisha huonyeshwa karatasi ndogo ya litmasi, ambayo hugeuka nyekundu ikichovywa katika tindikali, na hugeuka buluu ikichovywa katika alkali. Mwanafunzi huyatazama mabadiliko hayo, huyaandika katika daftari lake, na huendelea na somo jingine. Ni wachache wanaouliza ni nani aliyewafundisha watu kuifanya rangi iwe shahidi, na kwa nini shahidi huyo alihitajiwa.

Mtu huyo ni Robert Boyle. Jina lake linajulikana sana kwa sababu ya kanuni yake juu ya hewa, yaani kwamba hewa ikibanwa ujazo wake hupungua kwa kadiri ileile ambayo kani ya kuibana inazidi. Kanuni hiyo ni kubwa, wala hatuidharau. Lakini sisi tunapenda kueleza zaidi kazi yake katika tindikali na alkali, kwani humo ndimo inamoonekana tabia ya mtu huyu waziwazi. Tabia ya kutokubali jambo kwa kuwa limesemwa na wengi, na ya kutolikataa kwa kuwa ni zito, bali kulitafutia dalili.

Boyle alizaliwa tarehe 25 Januari 1627 katika ngome ya Lismore, kusini mwa Ireland. Baba yake, Richard Boyle, alifika nchini humo mwaka 1588 akiwa kijana asiye na mali ya kutajika, naye akajipatia ardhi na vyeo hata akawa Earl wa Cork na mmoja wa matajiri wakubwa kabisa katika milki ya mfalme wa Uingereza. Robert alikuwa mtoto wake wa 14. Ijapokuwa alizaliwa katika utajiri huo, alipokuwa mchanga alipelekwa kulelewa na mama wa shambani, maana baba yake hakupenda watoto wadekezwe. Mama yake mzazi alifariki dunia Robert akiwa bado mtoto mdogo wa miaka mitatu. Katika siku hizo za utoto alipatwa na kigugumizi, ambacho mwenyewe alisema alikipata kwa kuwaiga watoto wenzake, nacho hakikumwacha maisha yake yote. Mwaka 1635, akiwa na umri wa miaka minane, alipelekwa katika shule ya Eton nchini Uingereza, na mwaka 1639 akatumwa pamoja na kaka yake Francis kwenda bara la Ulaya, chini ya uangalizi wa mwalimu Isaac Marcombes, wakakaa katika mji wa Geneva.

Huko Geneva lilitokea jambo ambalo yeye mwenyewe alilihesabu kuwa mwanzo wa uhai wake wa kiroho. Usiku mmoja ilipiga radi ya kutisha, umeme ukifuatana bila kukoma, na upepo na mvua vikivuma kwa nguvu, hata kijana huyo akadhani kwamba Siku ya Hukumu imefika. Akaogopa sana kwa kuwa hakuwa tayari, akaahidi kwamba akisalimika ataishi kwa uchaji zaidi. Asubuhi mbingu zikawa safi. Watu wengi huahidi wakati wa hofu na kusahau wakati wa salama, na Boyle aliliona hilo. Akaona haya kwamba ahadi yake imetolewa na woga tu, kwa hiyo akaifanya upya asubuhi ile, pasipokuwa na radi wala kitisho chochote, ili iwe ahadi ya mtu aliye huru.

Lakini msomaji asidhani kwamba tangu siku hiyo mambo yalikuwa mepesi. Muda si mrefu baadaye alizuru milima ya karibu na Grenoble nchini Ufaransa, mahali palipo na nyumba mashuhuri ya watawa iitwayo Grande Chartreuse. Katika upweke wa milima ile aliingiwa na huzuni nzito na mashaka juu ya misingi yenyewe ya dini aliyozaliwa nayo, hata akatamani kufa, na lililomzuia ni kujua tu kwamba kujiua kumekatazwa. Hali hiyo ilidumu kwa miezi. Hatimaye moyo wake ulitulia, lakini hakutaka mashaka yale yapite bure. Aliamua kwamba mtu mwenye akili hapaswi kushika dini kwa sababu tu wazazi wake waliishika, bali ni wajibu wake kuzijua sababu za imani yake. Kwa ajili hiyo, baadaye alijifunza Kiebrania, Kiyunani, Kikaldayo na Kisiria, ijapokuwa macho yake yalikuwa dhaifu, ili avisome vitabu vyenyewe badala ya kutegemea maneno ya wafasiri.

Majira ya baridi ya 1641 hadi 1642 alikuwa Florence, katika Italia. Galileo alifariki dunia karibu na mji huo mwezi wa Januari 1642, na Boyle, aliyekuwa na miaka 15 hivi, alikuwa akivisoma vitabu vyake wakati uleule. Wakati huo fitina ilikuwa imezuka Ireland, mali ya baba yake ikaharibika, na fedha zilizotumwa kwa vijana hao hazikuwafikia. Baba akafa mwaka 1643. Robert alirudi Uingereza mwaka 1644 akiwa hana kitu mkononi, akaikuta nchi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akapokewa London na dada yake Katherine, aliyejulikana kwa jina la Lady Ranelagh. Dada huyu alikuwa mwanamke wa elimu na wa hekima, na kwa maoni yetu hakuna mtu mwingine aliyemfaa Boyle zaidi yake.

Alikuwa amerithi shamba la Stalbridge katika jimbo la Dorset, naye akahamia huko mwaka 1645. Mwanzoni aliandika vitabu vya maadili na uchaji. Mwaka 1647 aliagiza tanuri la udongo kutoka ng'ambo kwa ajili ya majaribio ya kemia, nalo likafika limevunjika vipande vipande. Alisikitika sana, lakini baada ya miaka miwili alifaulu kuwa na maabara yake, na tangu hapo hakuiacha kazi hiyo. Kwenye mwaka 1656 alihamia Oxford, ambako alimwajiri kijana mwenye mikono hodari, Robert Hooke, naye akamtengenezea bomba la kutolea hewa. Kwa bomba hilo walionyesha kwamba mshumaa huzimika na mnyama hufa mahali pasipo hewa, na kwamba sauti ya saa haisikiki. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1660, na kanuni ya hewa tuliyoitaja ikafuata mwaka 1662.

Sasa tuje kwenye tindikali na alkali.

Neno alkali si la Kizungu kwa asili. Limetoka katika Kiarabu, al-qali, nalo ni jina la majivu ya mimea fulani iotayo mahali penye chumvi. Mafundi wa nchi za Kiislamu waliyatumia majivu hayo kutengenezea sabuni na vioo, na wanakemia kama Abu Bakr al-Razi, aliyeishi katika karne ya 9 na ya 10, waliyatumia katika kazi zao. Kwa hiyo vitu vyenyewe vilijulikana tangu kale. Vilitambulikana kwa ulimi na kwa vidole. Kilicho kichungu kwa namna ya ndimu kiliitwa tindikali, na kile ambacho maji yake huteleza vidoleni kama sabuni, na ladha yake ni ya majivu, kiliitwa alkali.

Katika siku za Boyle palikuwa na waganga na wanakemia wengi katika Ulaya, hasa Uholanzi na Ujerumani, waliozua nadharia kubwa sana. Walidai kwamba mambo yote, katika madini, mimea na mwili wa binadamu, yanatokana na mapambano ya tindikali na alkali. Homa ni tindikali iliyozidi au alkali iliyozidi. Chakula husagika tumboni kwa vita hivyo. Hata rangi na ladha za vitu ni matokeo yake. Nadharia hiyo ilipendwa, kwa kuwa ni nyepesi na ilionekana kufungua milango yote kwa ufunguo mmoja. Walipoulizwa jinsi ya kuzitambua hizo tindikali na alkali, walijibu kwamba zikikutana hutoa povu na kuchemka, kama siki ikimiminwa juu ya magadi. Basi kila walipoona povu, walisema hapa pana tindikali na hapa pana alkali.

Boyle alijiuliza kama dalili hiyo ni ya kutegemewa. Akaona kwamba maji makali ya tindikali yakimwagiwa shaba au chuma hutoa povu na mvuke kwa ghadhabu, lakini je, shaba ni alkali? Kama ni alkali kwa kuwa imetoa povu, basi neno limepoteza maana yake. Upande wa pili, leo tunajua jambo ambalo wakati ule halikujulikana vizuri, kwamba povu la magadi na siki ni hewa ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani ya magadi, kama alivyoeleza Joseph Black wa Uskoti mwaka 1756. Magadi yakichemshwa pamoja na chokaa hewa hiyo huondolewa, nayo hugeuka kuwa alkali kali zaidi, yenye kuunguza ngozi. Na alkali hii iliyo kali kuliko ya kwanza haitoi povu hata kidogo ikitiwa siki. Povu, basi, lilikuwa shahidi wa uongo pande zote mbili.

Dalili bora Boyle alikuwa amekwisha kuitoa katika kitabu chake juu ya rangi, kilichochapishwa mwaka 1664. Katika Ulaya kuna maua madogo ya rangi ya urujuani yaitwayo vayoleti, na wauza dawa wa zamani walikuwa wakitengeneza shira yake kwa ajili ya wagonjwa. Shira hiyo ni ya buluu. Boyle alidondosha kidogo juu ya karatasi nyeupe, kisha akatia tone moja la siki au maji ya limau. Palepale shira ikageuka nyekundu. Akachukua shira nyingine, akatia tone la maji ya majivu, ikageuka kijani. Wako waliokuwa wameona kabla yake kwamba ua fulani hubadilika rangi likitiwa kitu fulani, lakini walilichukua kama mchezo wa kustaajabisha. Boyle hakuishia hapo. Alijaribu tindikali moja baada ya nyingine, na alkali moja baada ya nyingine. Akatafuta maua ya aina nyingine, na mawaridi, na matunda ya vichaka. Akaona kwamba hukumu ni moja. Tindikali zote alizozijaribu zilileta wekundu katika ile shira, na alkali zote zilileta ukijani. Tena akaona kwamba viko vitu vya jamii ya tatu, ambavyo haviibadilishi shira kwa upande wowote, mfano chumvi tunayotia katika chakula. Hivyo ndivyo ulivyopatikana mgawanyo ambao mpaka leo unafundishwa: tindikali, alkali, na vitu visivyo vya upande wowote.

Palikuwa pia na mti kutoka Mexico, ambao vipande vyake vikilowekwa majini huyapa maji rangi mbili. Ukiyatazama dhidi ya mwanga ni ya dhahabu, na ukiyatazama mwanga ukiwa nyuma yako ni ya buluu. Boyle aliona kwamba tone la tindikali huiondoa ile buluu na kuiacha dhahabu, na tone la alkali huirudisha. Akaendelea hata kutofautisha alkali zenyewe kwa zenyewe. Alipozitia katika maji yenye chumvi kali ya zebaki, alkali zitokanazo na majivu zilileta machicha ya rangi ya machungwa, na zile zinazoruka kama mvuke, za jamii ya amonia, zilileta machicha meupe. Jambo hili kwa mtazamo wa leo ni dogo, lakini lilikuwa mwanzo wa njia nzima ya kukitambua kitu kisichojulikana kwa kukihoji kwa vitu vinavyojulikana.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hana haja ya vayoleti wala miti ya Mexico. Kila aliyekula pilau au mchuzi akiwa amevaa kanzu nyeupe anajua kwamba doa la manjano likipakwa sabuni hugeuka jekundu ghafla, hata mtu akadhani nguo imeharibika. Na likikamuliwa ndimu hurudi kuwa la manjano. Sabuni ina alkali, ndimu ina tindikali, na manjano ni kiashiria. Kinywaji chekundu cha choya, ambayo wengine huiita rozela, nacho hupoteza wekundu wake na kugeuka rangi ya buluu au kijani kikitiwa magadi. Walimu wengi katika shule zetu zisizo na karatasi za litmasi huwafundisha wanafunzi kwa maua mekundu yaliyopondwa, nao hawapungukiwi na kitu. Litmasi yenyewe hutengenezwa kwa mimea midogo ya ukoga iotayo juu ya mawe na magome ya miti, na mimea ya ukoo huohuo ilikuwa bidhaa iliyosafirishwa kutoka pwani yetu kupitia Unguja katika karne ya 19, kwa ajili ya viwanda vya rangi vya Ulaya.

Mwaka 1675 Boyle aliandika risala maalumu kuikosoa ile nadharia ya tindikali na alkali. Hakusema kwamba tindikali na alkali hazipo, kwani yeye ndiye aliyekuwa amezipatia dalili iliyo wazi kuliko zote. Alilolikataa ni kule kuzipa kazi ya kueleza kila kitu, na kutumia majina yasiyo na maana thabiti, na kukisia kwamba tindikali imo mahali fulani kwa sababu tu nadharia inaihitaji iwemo. Tunaliona jambo hili kuwa la thamani zaidi kuliko ugunduzi wake wa rangi. Si kawaida mtu aliyegundua ufunguo kukataa kuutumia katika mlango usio wake. Waganga wengi wa zama zile waliwapa wagonjwa alkali au tindikali kwa kufuata nadharia peke yake, na aliyelipa gharama ya makisio hayo ni mgonjwa.

Miaka 14 kabla ya hapo, mwaka 1661, alikuwa ametoa kitabu chake mashuhuri kiitwacho Mwanakemia Mwenye Shaka, kilichoandikwa kwa mfano wa mazungumzo ya marafiki. Humo alipinga mafundisho ya kale kwamba vitu vyote vimeundwa kwa udongo, maji, hewa na moto, na vilevile mafundisho ya wale waliosema vimeundwa kwa chumvi, kiberiti na zebaki. Wengine husema kwamba kwa kitabu hicho aliizika elimu ya kubadili madini kuwa dhahabu. Maneno haya si kweli. Boyle mwenyewe aliamini maisha yake yote kwamba huenda madini yanaweza kugeuzwa, alitumia miaka mingi kuitafuta siri hiyo, na mwaka 1689 alisaidia kufutwa kwa sheria ya zamani iliyokataza kutengeneza dhahabu. Katika jambo hili hakupata alichokitafuta. Tunalitaja kwa sababu wako wanaopenda kuwasifu wakubwa kwa kuficha yale ambayo hawapendi kuyaona.

Mwaka 1668 alihamia London, katika nyumba ya dada yake Katherine mtaa wa Pall Mall, wakaishi pamoja miaka 23. Hakuoa. Mwaka 1670 alipatwa na kiharusi kikali, akapona polepole. Wageni walikuwa wengi mno kutoka nchi nyingi, hata katika uzee wake akaweka ubao mlangoni wa kueleza siku na saa za kuonana naye. Waliokaa naye karibu walishuhudia kwamba kila alipotaka kulitaja jina la Mwenyezi Mungu katika mazungumzo alinyamaza kwanza kidogo, ndipo akalitamka.

Alipewa nafasi ya kuwa padri, akakataa. Sababu aliyoitoa ni kwamba maneno ya dini yakitoka kwa mtu asiyelipwa kwa kuyasema huwa na uzito zaidi kwa wasikilizaji. Mwaka 1665 alipewa ukuu wa shule ya Eton, akakataa pia. Kisha mwaka 1680 Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi ya London, ambayo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ilimchagua kuwa rais. Hapakuwa na heshima kubwa kuliko hiyo kwa mtu wa elimu. Lakini rais alipaswa kula viapo, na Boyle aliogopa sana kuapa. Aliwataka ushauri wanasheria, akalipima jambo, na dhamiri yake haikutulia. Akaiandikia Jumuiya kwamba hawezi kuipokea kazi hiyo. Nafasi yake akapewa Christopher Wren, yule msanifu wa majengo. Wako waliomwona Boyle kuwa na dhamiri nyepesi kupita kiasi, na huenda walikuwa na haki kwa kadiri fulani. Lakini mtu ambaye hakutaka kuliita povu kuwa ni tindikali bila ya hakika, si ajabu akiogopa kumfanya Mungu shahidi wa neno ambalo huenda hatalitimiza.

Mali yake aliitumia sana kueneza dini yake ya Kikristo. Alilipia uchapaji wa Injili na Matendo ya Mitume katika lugha ya Kimalai mwaka 1677, na wa Biblia ya Kiairishi katika miaka ya 1680, ili watu wa nchi aliyozaliwa wasome kwa lugha yao. Mwaka 1660 alilipia pia kitabu cha Kiarabu kilichotafsiriwa na Edward Pococke wa Oxford kutoka kwa mwanachuoni wa Uholanzi, Hugo Grotius. Na sehemu ya mwisho ya kitabu hicho iliandikwa kuwapinga Waislamu. Hatuna haja ya kulificha jambo hili, wala ya kulikuza. Lakini lina kisa ndani yake. Grotius alikuwa ameandika hadithi iliyoenea Ulaya, ya kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alimfundisha njiwa kumjia sikioni ili watu wadhani ni malaika. Pococke, aliyekijua Kiarabu na vitabu vya Waislamu, alimwuliza Grotius sanadi ya hadithi hiyo, na Grotius akakiri kwamba hana. Hivyo katika tafsiri ya Kiarabu hadithi ile iliachwa. Haikuwa kazi ya Boyle, ni ya Pococke. Lakini fedha za Boyle zilichapa kitabu ambacho uongo mmoja ulikuwa umekwisha kutolewa ndani yake, kwa sababu mtu mmoja aliuliza dalili.

Boyle hakujua tindikali ni nini hasa. Aliijua kwa matendo yake tu. Wengine baada yake walidhani kwamba chembe za tindikali zina ncha kama sindano, na ndiyo sababu ulimi huchomwa. Lavoisier wa Ufaransa, katika karne ya 18, alifundisha kwamba kila tindikali ina oksijeni. Humphry Davy akaonyesha mwaka 1810 kwamba tindikali ya chumvi haina oksijeni kabisa, na hivyo fundisho hilo likaanguka. Mwaka 1884 kijana wa Sweden, Svante Arrhenius, alitoa tasnifu yake Uppsala, nayo ikapewa daraja ya chini na wakubwa wake. Na kutokana na mawazo yaliyoanza humo ikaja kueleweka kwamba tindikali ikiwa majini hutoa chembe za haidrojeni zenye chaji ya umeme, ambazo huitwa ayoni, na alkali hutoa ayoni za oksijeni na haidrojeni zilizoungana. Zikikutana, ayoni hizo huungana na kuwa maji, na kinachobaki ni chumvi. Hii ndiyo sababu tindikali na alkali huzimana nguvu, na ndiyo sababu chumvi ya mezani haikuibadilisha shira ya Boyle. Arrhenius alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1903. Kisha mwaka 1909 Søren Sørensen, katika maabara moja ya Copenhagen, akaweka kipimo kinachoitwa pH, ambacho kwa kawaida huhesabiwa tangu 0 hadi 14. Maji safi ni 7, chini yake ni tindikali, na juu yake ni alkali. Kila hatua moja ni mara kumi ya ile iliyo karibu nayo, kwa hiyo maji ya ndimu, yenye 2 hivi, yana ukali wa tindikali mara elfu kuliko kitu chenye 5. Wakulima hukitumia kipimo hicho kwa udongo, na hospitali kwa damu. Lakini hata leo, atakaye jibu la haraka huchukua karatasi yenye rangi na kuidondoshea tone.

Katherine alifariki dunia tarehe 23 Desemba 1691. Boyle alikuwa mgonjwa tayari, na msiba huo ulimvunja nguvu zilizosalia. Alimfuata dada yake baada ya wiki moja tu, usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba, akiwa na umri wa miaka 64. Katika wasia wake aliacha fedha za kulipia hotuba kila mwaka za kuitetea dini ya Kikristo mbele ya wasioiamini, na Waislamu na Wayahudi walitajwa miongoni mwao. Lakini aliweka sharti kwamba wahutubu wasiingize ugomvi uliopo baina ya Wakristo wenyewe kwa wenyewe. Hotuba ya kwanza ilitolewa na Richard Bentley mwaka 1692.

Alizikwa karibu na dada yake katika kanisa la St Martin-in-the-Fields mjini London. Mwaka 1721 kanisa hilo la zamani lilibomolewa ili lijengwe jipya, na mahali mifupa yake ilipohamishiwa hapajulikani.